Mdogo wangu anakohoa mahabusu: nimpitishie dawa?

«Shikamoo daktari. Naandika kutoka Sakina, Arusha. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 24, yuko mahabusu mwezi wa saba sasa kwa kesi ya kuvunja stoo na kuiba. Dhamana iko wazi ila masharti yametushinda. Wiki iliyopita alipoletwa mahakamani nilimpita bila kumtambua. Amekonda, anakohoa mwezi wa tatu sasa, usiku anatoka jasho mpaka shati linaloa, na mikononi ana vipele anajikuna hadi damu. Anasema wanalala mchongoma, yaani ubavu kwa ubavu, mmoja akigeuka wote wageuke. Mama yuko Kibosho, anasema ni baridi ya sakafu na njaa, anataka tumpelekee mtori na dawa ya mizizi. Jirani anayeuza duka la dawa anasema nimnunulie sipro na sindano, tutafute mtu wa kumpitishia. Nina watoto wawili, mdogo ana miaka miwili, na mimi mwenyewe nakohoa tangu mwezi uliopita. Je, hii ni TB? TB ya gerezani inapona? Akitoka nimpokee nyumbani au nimweke mbali na watoto?»

Marahaba mwanangu, na poleni wewe na mama. Jina la gereza ulilolitaja nimelifuta kwenye swali lako, kwa sababu nitakayokueleza yanahusu chumba chochote kilichojaa watu kupita nafasi yake, kiwe Arusha, Moshi au Musoma.

Nianze na lililokunyima usingizi. Kikohozi cha mwezi wa tatu, jasho la usiku na kukonda, kwa kijana anayelala kwenye selo iliyosongamana: mganga yeyote wa kanda hii akisikia hayo huanza na kifua kikuu, na haendi kwingine mpaka amekipima. Sisemi anacho. Inaweza kuwa nimonia iliyokaa, inaweza kuwa pumu, na siwezi kumpima mtu kwa barua. Ila kwa dalili hizo kungoja wiki nyingine ni kucheza na maisha yake na ya wenzake waliolala naye ubavuni.

Na ndiyo, inapona. Hakuna «TB ya gerezani» iliyo kali kuliko ya mtaani, vimelea ni vile vile na dawa ni zile zile. Nelson Mandela aligundulika na TB mwaka 1988 akiwa mfungwa wa gereza la Pollsmoor, akatibiwa, akapona, akaja kuongoza nchi, akafariki mwaka 2013 akiwa na miaka 95. Kinachoua gerezani ni kuchelewa. Mtu anakohoa miezi mitatu bila makohozi yake kupimwa, na anapofika hospitali pafu limekwisha kutoboka.

Sasa mama. Mwambie ana haki nusu. Baridi yenyewe haizai TB, hata sakafu ya saruji ya mwezi wa Julai chini ya Mlima Meru haina kimelea ndani yake. Lakini baridi inafanya jambo jingine: inawafanya watu wazibe madirisha. Nani atalaumu? Umelala na fulana moja, upepo wa mlima unapita juu ya kichwa chako, unachukua gunia au kipande cha blanketi unasokomeza kwenye nondo. Hapo ndipo ugonjwa unapata nyumba. Mgonjwa wa TB ya mapafu akikohoa, akiimba au hata akizungumza hutoa vitone vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Vile vikubwa huanguka chini na haviambukizi kitu. Vidogo hukauka, vinabaki vinaelea hewani kwa saa kadhaa. Fikiria moshi wa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha: anayepika ni mmoja, lakini macho yanawawasha wote, na hata akitoka moshi unabaki. Selo ikifungwa jioni na kufunguliwa asubuhi, watu wanavuta hewa ile ile usiku kucha, na kila aliyeongezwa ndani anapunguza hewa safi ya wenzake.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba uwezekano wa kuugua TB gerezani ni takriban mara 10 ya ule wa watu walio nje. Tofauti hiyo inatokana na chumba, wala haina uhusiano na dhambi wala laana, hata kama kuna wapendwa kanisani wanaonong'ona hivyo. Kwa miaka mingi nafasi rasmi katika magereza yetu ya Bara zimekuwa zikitajwa kuwa chini ya 30,000 huku waliomo wakizidi, na sehemu kubwa yao ni mahabusu kama mdogo wako, watu ambao hakimu bado hajasema kama wana hatia.

Njaa nayo mama hajakosea. Mwili uliodhoofika hushindwa kukidhibiti kimelea. Wengi wanaoambukizwa hawaugui kabisa. Takriban robo ya watu duniani wanacho kimelea kikiwa kimelala, na kati ya watu kama hao ni 5 hadi 10 tu kwa kila 100 watakaougua maishani mwao. Kinachokiamsha ni utapiamlo, VVU, kisukari, pombe, sigara. Kwa hiyo mtori si upuuzi. Sheria inatambua kwamba mahabusu anaweza kuruhusiwa kupokea chakula na nguo kutoka nje, lakini utaratibu wa kila gereza ni tofauti. Uliza getini kabla hujatwika sufuria kutoka Kibosho. Mara nyingi sabuni, dawa ya meno na nguo za ndani hupokelewa kirahisi kuliko chakula. Ila mtori haupimi makohozi, na dawa ya mizizi vile vile. Wenzetu wa Arusha wanaukumbuka mwaka 2011, watu walivyopanga foleni Samunge kule Loliondo kwa kikombe cha dawa ya mitishamba ya Babu. Waliokunywa huku wanaendelea na dawa za hospitali hawakupata hasara kubwa zaidi ya nauli. Walioacha dawa ndio tuliorudishiwa wodini.

Jirani yako muuza dawa, nitasema waziwazi, anakupoteza. Sipro, yaani siprofloksasini, iko kwenye familia ya dawa za kuua bakteria zinazokigusa kimelea cha TB bila kukimaliza. Mgonjwa hupata nafuu ya siku chache, homa inashuka, kila mtu anashangilia, na kipimo kikija kuchukuliwa kinaweza kutoka safi wakati ugonjwa uko pale pale. Wiki chache baadaye unarudi. Mbaya zaidi, kimelea kinajifunza. Ndugu zake sipro ni miongoni mwa silaha tunazotunza kwa ajili ya TB sugu, ile inayopelekwa Kibong'oto wilayani Siha, hospitali iliyoanza kama kituo cha wagonjwa wa TB tangu mwaka 1926. Ukizichezea mapema, unamchomea daraja mdogo wako. Na sindano ndani ya selo? Sindano moja ikizunguka mikono mitatu, umeongeza homa ya ini na VVU juu ya kikohozi. Tena kupitisha kitu gerezani kwa siri ni kosa: ukikamatwa getini, mtakuwa wawili ndani na watoto watabaki na nani? Usimpe mtu yeyote hela kwa jambo hili. Vipimo na dawa za TB nchini mwetu ni bure.

Kinachotakiwa ni kidogo kuliko unavyodhani, na wengi hawakijui. Ndugu huniambia, «Daktari, hawawezi kumtoa, hakuna gari, hakuna askari wa kumsindikiza.» Mgonjwa hahitaji kutoka. Kinachosafiri ni makohozi. Anakohoa asubuhi kwenye kikopo chenye mfuniko, akiwa nje penye hewa, kikopo kinapelekwa maabara yenye mashine ya GeneXpert, na mashine ikishaanza kazi hutoa jibu kwa muda wa kama saa mbili, pamoja na kusema kama dawa kuu ya rifampisini bado inafanya kazi. Kwa hiyo ombi lako la kwanza lisiwe «mpelekeni hospitali», ambalo ni rahisi kukataliwa kwa sababu za ulinzi. Omba makohozi yapimwe. Nenda siku ya kutembelea, omba kuonana na mganga wa zahanati ya gereza au mkuu wa gereza, sema kwa adabu na kwa maneno machache: anakohoa mwezi wa tatu, anatoka jasho usiku, amekonda. Andika barua pia, weka tarehe, baki na nakala. Barua yenye tarehe huamsha watu kuliko machozi. Pamoja na makohozi, omba apimwe VVU, maana magonjwa haya mawili hutembea pamoja.

Mwambie na yeye asifiche. Hili nalisisitiza kwa sababu vijana wengi humeza kikohozi chao. Wanaogopa kutengwa, wanaogopa kupoteza kajisehemu walikopata karibu na ukuta, wanaogopa nyampara na wenzao wataanza kuwakwepa. Kutenganishwa na wengine kwa wiki mbili za mwanzo za dawa si adhabu. Kwa kawaida baada ya muda huo, kama dawa zinamkubali na anazimeza kila siku, uwezo wake wa kuambukiza hushuka sana. Akipewa dawa atakunywa vidonge vyenye dawa nne kwa miezi miwili, kisha dawa mbili kwa miezi minne. Mkojo utageuka rangi ya chungwa. Asishtuke, ni rangi ya dawa.

Kama zahanati haisikii, una mlango wa pili ambao watu wa nje hawana: hakimu. Mdogo wako akiwa rumande, kesi yake haiwezi kuahirishwa kwa zaidi ya siku 15 kwa mara moja, kwa hiyo kila baada ya wiki mbili hivi anasimama mbele ya mahakama, awe ameletwa na karandinga au anaonekana kwenye skrini. Siku hiyo, kabla kesi haijaahirishwa, anyooshe mkono aseme: «Mheshimiwa, ninaumwa, ninakohoa miezi mitatu na sijapimwa. Naomba iandikwe.» Hakimu anaweza kuagiza atibiwe, na likishaandikwa kwenye mwenendo wa kesi, tarehe ijayo hakimu atauliza kuhusu agizo lake. Nimeona sentensi mbili za namna hiyo zikifanya kazi kuliko wakili aliyelipwa.

Mlango wa tatu ni kumpeleka daktari wenu. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 2015, zinataka huduma ya afya ya mfungwa iwe ya kiwango kile kile cha raia aliye nje, na zinampa mahabusu nafasi ya kuonwa na daktari wake kwa gharama zake mwenyewe, akiwa na sababu ya msingi. Tena tusiseme haya ni mambo ya wazungu: Februari 1999 wakuu wa magereza wa mashariki, kati na kusini mwa Afrika walikutana hapa hapa Arusha wakapitisha azimio lao la uendeshaji mwema wa magereza. Wengi tunalijua Azimio la Arusha la 1967 tu. Kwa uaminifu lakini, kwa kesi ya kikohozi nisingeanza na mlango huu. Una gharama, unahitaji kibali, na daktari wa nje akifika atafanya nini? Ataomba makohozi. Ukikwama kote, andikia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo ina mamlaka ya kukagua magereza, au mweleze jaji au hakimu anapokuja kukagua gereza.

Halafu kuna dhamana, na hapa nakuomba usikate tamaa upesi. Mimi ni tabibu, si mwanasheria, lakini chumba kikiwa ndicho kinachougua, dawa bora ni kutoka chumbani. Kuvunja na kuiba ni kosa lenye dhamana. Masharti yakiwashinda, yanaweza kuombwa yalegezwe kwa hakimu yule yule, na Mahakama Kuu, ambayo ina masjala Arusha na Moshi, inaweza kuyapunguza pia. Mara nyingi kinachokwamisha si pesa bali makaratasi: mdhamini ana kitambulisho lakini hana barua ya serikali ya mtaa, au barua ina jina tofauti na kitambulisho. Kagua hayo kwanza. Ugonjwa peke yake haumlazimishi hakimu kumwachia mtu, ila ni jambo anaweza kulipima akiombwa alegeze masharti, na cheti cha mganga kinasaidia. Kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wapo wasaidizi wa kisheria wanaosaidia walio kizuizini bila malipo. Uliza mahakamani au ofisi ya ustawi wa jamii. Na mama asikae akingoja msamaha wa Rais wa sikukuu. Desemba 2019 watu 5,533 walisamehewa kwa mkupuo, na kila mwaka naona ndugu wa mahabusu wakijaa matumaini. Msamaha ule ni wa waliokwisha kuhukumiwa, mahabusu hana kifungo cha kusamehewa.

Vipele sasa, kwa kifupi. Kuwasha kunakozidi usiku, vidoleni, viwikoni, kiunoni na sehemu za siri: huo karibu hakika ni upele wa mdudu anayechimba ndani ya ngozi, na kwa mlalo wa mchongoma hapana miujiza, wataupata wote. Huanza kuwasha wiki 2 hadi 6 baada ya kuupata mara ya kwanza, kwa hiyo anayekuambukiza huenda hujamwona akijikuna. Dawa yake ni losheni ya benzili benzoeti au pamethrini ya kupaka kuanzia shingoni hadi nyayoni, au vidonge vya ivamektini. Kumtibu yeye peke yake ni kupoteza dawa. Selo nzima itibiwe siku moja, na nguo na mablanketi yafuliwe na kuanikwa juani. Mwambie mganga hivyo hivyo. Ila uso ukimvimba au mkojo ukawa kama chai ya rangi, ni dharura: vidonda vya kujikuna vinaweza kuleta shida ya figo. Vivyo hivyo akitema damu, akishindwa kupumua akiwa ametulia, au akianza kuchanganyikiwa. Hapo usiandike barua. Nenda siku hiyo hiyo kwa mkuu wa gereza na useme neno hospitali.

Umeandika kwa kupita tu kwamba nawe unakohoa. Kuzungumza naye dakika chache kwenye ukumbi wa wageni hakukuweki kwenye hatari kubwa, na kikombe au sahani haviambukizi TB hata kidogo. Pengine ni mafua ya baridi hii. Lakini mwezi mzima ni mrefu. Nenda Levolosi, Mount Meru au kituo chochote cha afya kilicho karibu nawe, sema unakohoa na una ndugu anayehisiwa kuwa na TB, wataomba makohozi bila kukutoza. Kwa sababu ya mtoto wa miaka miwili, nenda wiki hii. Chanjo ya BCG aliyochanjwa alipozaliwa humkinga na TB kali za utotoni kama ile ya ubongo, haimzuii kuambukizwa. Ikithibitika kwamba mtu anayeishi naye ana TB ya mapafu, mtoto wa chini ya miaka mitano achunguzwe, na kama haumwi apewe dawa za kinga.

Na ndiyo, akitoka mpokee. Kama amekwisha kunywa dawa zaidi ya wiki mbili na anaendelea vizuri, alale nyumbani kwako, ikiwezekana chumba chake, dirisha likiwa wazi hata kama Sakina kuna baridi. Mpe blanketi la pili badala ya kuziba dirisha. Kama hajaanza dawa, kwanza kituo cha afya, kisha nyumbani.

Kuna jambo moja linalowapata wengi. Mahabusu akipata dhamana au kesi ikifutwa, huachiwa pale pale mahakamani. Anapanda daladala kwenda nyumbani na furaha yake yote, na kadi yake ya matibabu na vidonge vimebaki gerezani. Akikaa wiki mbili bila dawa, tunaanza kuhesabu upya, au tunakutana na usugu. Kwa hiyo akianza tu matibabu, muombe mganga wa gereza aandike namba yako ya simu kwenye kadi, na wewe uandike namba ya usajili wake wa TB na tarehe aliyoanza kwenye karatasi unayotembea nayo. Siku akiachiwa, hata ikiwa Ijumaa saa tisa alasiri, pitieni kliniki ya TB kabla ya kufika nyumbani. Wakiona karatasi hiyo watampa dawa za kumfikisha Jumatatu, na wao wenyewe watawasiliana na gereza kufuata kadi.